Muulize Sista: "Sindano imenichoma kazini, na mimi nina sukari"

SWALI

Habari Sista. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 46, naishi Manyatta hapa Kisumu. Nafanya usafi katika hospitali moja ya kibinafsi. Huu ni mwaka wa sita tangu nipatikane na ugonjwa wa sukari. Nameza metformini ya miligramu 500, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, pamoja na glibenklamidi kimoja asubuhi.

Jumanne ya wiki jana nilikuwa nafunga mfuko mweusi, ule wa taka za kawaida. Nikaukandamiza kwa mkono ili ushuke ndani ya pipa. Sindano ya kanula, ile ya kuwekea dripu, ikatoboa mfuko, ikatoboa glavu, ikaniingia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Nilibinya kidole damu itoke, halafu nikakitumbukiza kwenye jiki. Msimamizi wangu akaniambia nisipige kelele, nimalizie wodi. Usiku huo sikufumba jicho. Saa tisa nilipima sukari ikasoma 16.8, na mimi huwa 8 au 9.

Asubuhi nilienda hospitali ya serikali. Nilipimwa VVU, sina, nikapewa dawa za siku 28. Waliniuliza kama nina ugonjwa mwingine, nikasema sina. Niliogopa wataandika kwamba ni ganzi ya sukari iliyofanya nichomwe, kisha nifutwe kazi.

Leo ni siku ya tisa ya dawa. Tumbo linaendesha, chakula kinanichefua. Juzi nikiwa soko la Kibuye nilianza kutetemeka, jasho likanitoka, macho yakaingia giza hadi mama mboga akanishika mkono. Mume wangu ameliona kopo la dawa na sasa hanisemeshi. Kidole kimevimba, ngozi inabambuka. Sista, naweza kuziacha hizi dawa? Na je, hii sukari haitafanya virusi vinishike haraka?

Mama wa Manyatta, Kisumu

JIBU

Dadangu, barua yako ilinifikia saa kumi jioni, na kabla ya saa kumi na moja nilikuwa nimeshakupigia simu. Maneno mawili ndani yake hayangeweza kungoja gazeti litoke: "nikasema sina" na "nilianza kutetemeka". Asante kwa kunikubalia nichapishe tuliyozungumza. Kuna wafagizi, wauguzi, watu wa maabara na wazoa taka wengi kati ya hapa na Busia wenye sukari kama wewe, ambao kila siku wanashika sindano au mfuko wenye sindano, na najua wengi wangejibu vile vile ulivyojibu.

Nianze na dawa. Kidonge ulichopewa ni cha PEP, yaani dawa za kukinga VVU baada ya ajali kama yako, na kina dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ni dawa nzuri, na zikianzwa mapema zinafanya kazi. Wewe ulianza kabla ya saa 24 kwisha, na hilo ndilo jambo kubwa zaidi ulilolifanya wiki nzima. Mwisho wa kuanza ni saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida, kwa hiyo anayeweza kufika ndani ya saa mbili za kwanza na afike.

Sasa sikiliza kuhusu metformini. Dawa hii haivunjwi na ini. Hutoka mwilini ikiwa nzima, kwa njia ya figo, kwenye mkojo. Dolutegraviri nayo hukaa kwenye mlango huo huo wa figo na kuubana, hivyo metformini inabaki nyuma na kurundikana kwenye damu. Ndiyo maana mtu anayeanzishwa dolutegraviri hatakiwi kuzidisha miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Wewe ulikuwa unameza 2,000. Daktari aliyekuandikia hakujua, kwa sababu ulimwambia huna ugonjwa mwingine. Ni kweli dawa za PEP zenyewe zinaweza kuleta kichefuchefu siku za mwanzo, ila tumbo linaloendesha siku tisa mfululizo kwa mtu anayemeza metformini kiasi hicho lilinitia shaka mara moja.

Kule kutetemeka sokoni ni habari nyingine. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari hadi mtu aone giza. Glibenklamidi ndiyo inayoshusha, na haijui kama umekula au hujakula. Nilikuuliza asubuhi ile ulikula nini ukaniambia chai ya rangi na nusu andazi, na lile andazi ulilitapika. Halafu ukatembea kwa miguu kutoka Manyatta hadi Kibuye jua likiwaka. Mama mboga yule aliyekupa soda alikuokoa, Mungu ambariki. Ikitokea tena usiitafute mashine kwanza ikiwa iko mbali: koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, kaa chini, ngoja dakika 15. Ukiwa bado unatetemeka rudia. Ukishatulia kula kitu cha kushikilia, hata kama ni ndizi na uji, maana sukari ya majini inapita upesi na kidonge bado kimo mwilini. Na ukiona dalili hizo zinarudi baada ya kula, nenda hospitali, usilale nazo.

Hapo ndipo uliponiambia, "Basi Sista, niache hiki cha sukari au kile cha PEP?" Nilikuambia usiache chochote kwa kukisia, nami simpunguzii mtu dawa kwa simu. Nilikuambia uende usiku ule ule kitengo cha dharura ukapimwe sukari, na asubuhi utie kopo la PEP na bahasha ya dawa za sukari kwenye mfuko mmoja, uvimwage vyote juu ya meza ya daktari na useme, "Nilificha, naomba msamaha, hizi ndizo ninazomeza." Ulinitumia ujumbe saa tano: hakuna aliyekukaripia. Walikutoa damu kupima kreatinini, ambayo ni kipimo cha figo, kwa sababu sukari hushambulia figo polepole na tenofoviri nayo hutegemea figo. Figo zako ziko salama. Metformini imeshushwa, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Glibenklamidi imesimamishwa hadi uweze kula vizuri. Unapima sukari kila asubuhi kabla ya kula na unaandika. Na siku 28 zikiisha unarudi, kwa sababu dolutegraviri ikishatoka mwilini dozi ndogo ya metformini haitakutosha tena. Wengi husahau ziara hiyo ya pili. Andika tarehe ukutani.

Jambo moja dogo ambalo sikulitaja kwenye simu: ukishikwa na kiungulia, usimeze dawa za kutuliza asidi pamoja na kidonge cha PEP. Zinakishika kisiingie kwenye damu. PEP imezwe saa mbili kabla ya dawa hizo au saa sita baada yazo.

Najua ule usiku wa 16.8. Mwaka 2009 nilikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, na sukari nilikuwa nayo mwaka wa pili. Saa kumi za alfajiri nilikuwa natoa damu kwa mgonjwa, sikuwa nimekula tangu saa moja jioni, na mkono ulianza kutetemeka. Nilijua kwa nini unatetemeka. Nilijiambia nimalize huyu kwanza. Sindano ilipotoka kwenye mshipa wake iliniingia chini ya ukucha wa kidole gumba. Mpaka leo ninaiona ile damu ikitandaa ndani ya glavu nyeupe, kati ya mpira na ngozi, kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Mgonjwa alikuwa ananitazama. Nilimwambia, "Hakuna neno, mama," nikaenda kwenye sinki nikafungua maji, na nikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Asubuhi ile sukari yangu ilikuwa 18 kasoro, ingawa usiku mzima sikuwa nimetia kitu mdomoni. Hofu inapandisha sukari. Mwili ukiogopa humwaga homoni zinazoamuru ini litoe sukari iliyoiweka akiba, kwa hiyo 16.8 yako ilitoka ndani yako mwenyewe, hukuila. Ilishuka ulipoanza kulala. Yangu ilichukua wiki tatu, kwa sababu nilikuwa nimeamua kutomwambia mtu, na nilikuwa nameza dawa zangu chooni nikiwa nimefungulia bomba ili wenzangu wasisikie kopo likilia. Kama kuna kitu kimoja ningekirudisha nyuma ni zile wiki tatu.

Sasa swali lako la virusi. Sukari haibadilishi sindano ile. Hatari inategemea sindano ilizama kiasi gani, ilikuwa na damu inayoonekana au la, ilitoka kwenye mshipa wa mtu au la, na mtu huyo alikuwa na virusi kiasi gani. Sindano ya kanula ni ya tundu, hubeba damu, kwa hiyo ulifanya vizuri kutoichukulia kama mwiba. Lakini hata sindano ikiwa na damu ya mtu mwenye VVU, na aliyechomwa asimeze dawa yoyote, watakaoambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000. Ukimeza PEP ukaimaliza, idadi hiyo inashuka zaidi. Najua tunaishi upande wa nchi ambao pamoja na Homa Bay na Siaya una VVU kuliko kwingine, na ndiyo sababu hofu yetu ni kubwa. Hata hivyo ile 3 kati ya 1,000 tayari inahesabu kwamba damu ile ilikuwa na virusi.

Kinachonikosesha usingizi kwa ajili yako ni homa ya ini aina ya B, ambayo hata hukuitaja. Kwa mtu asiyechanjwa, sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa hiyo inaweza kumwambukiza mara 6 hadi 30 kati ya 100. Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo yake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wewe ulikuwa mtu mzima. Umefagia hospitali miaka minane na hujawahi kuchanjwa! Wauguzi wa wodi hiyo hiyo walichanjwa, na anayebeba taka zao akasahauliwa. Sindano ya kwanza umeshachomwa juzi, ya pili ni baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Hapa kisukari kinahusika kweli, kwa sababu mwili wenye sukari wakati mwingine huitikia chanjo hii kwa uvivu. Mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya tatu omba upimwe kama kinga imeshika.

Homa ya ini aina ya C haina chanjo, ila siku hizi ina tiba ya vidonge. Utapimwa nayo pia. VVU utapimwa tena wiki ya sita na mwezi wa tatu. Mpaka hapo usimchangie mtu damu.

Kidole. Nisamehe, lakini jiki lilikuumiza kuliko sindano. Jeraha la sindano linataka maji yanayotiririka na sabuni, basi. Usilibinye, usilinyonye, usitie jiki wala spiriti. Ngozi ikiungua, na sukari ikiwa 16, bakteria hupata mahali pa kukaa na kidonda hakifungi upesi. Ulinitumia picha: wekundu uko kwenye ncha tu, hakuna usaha. Kioshe mara mbili kwa siku, kikaushe, kifunike. Uvimbe ukipita kiungo cha kwanza, au ukiona mstari mwekundu unapanda mkononi, au ukapata homa, nenda siku hiyo hiyo. Na uliza kuhusu sindano ya pepopunda kama hukumbuki ya mwisho ulichomwa lini.

Kuhusu ganzi: ganzi ya sukari kwa kawaida huanza miguuni, na wewe umeniambia ulihisi sindano ikiingia hadi ukapiga ukelele. Sindano ya kanula haina kazi ndani ya mfuko mweusi. Aliyeitoa mkononi mwa mgonjwa alitakiwa aidondoshe papo hapo kwenye kisanduku cha sindano, na kisanduku hicho kifungwe kikijaa robo tatu. Kosa lilifanyika kabla wewe hujaufikia mfuko, na mtu yeyote, mwenye sukari au asiye nayo, angechomwa. Kitu pekee nitakachokuomba ubadilishe ni kule kukandamiza mfuko kwa mkono. Shika shingo ya mfuko, uuweke mbali na mguu, usiusukume.

Mume wako anangoja umwambie. Kopo lile linajulikana kila nyumba hapa kwetu, naye amelisoma kwa namna yake. Nilikuambia umwite akiwa ametulia, watoto wakiwa wamelala, umwonyeshe kidole na ile karatasi ya kipimo yenye tarehe. Mweleze ni dawa za siku 28, na kwamba mtatumia kondomu hadi kipimo cha mwezi wa tatu. Hilo la kondomu ndilo gumu, najua. Kama anakasirika, aje nawe kliniki aambiwe na mtu mwingine. Wanaume wengi niliowaona walikuwa wakali nyumbani na wapole mbele ya muuguzi, sijui ni kwa nini.

Na kazi. Karatasi hiyo hiyo ya kipimo ina kazi ya pili. Inaonyesha kwamba siku uliyochomwa hukuwa na VVU. Likitokea la kutokea, ndiyo itakayoonyesha ulipatia wapi. Ndiyo maana ninawasihi wote wanaosoma: usikatae kipimo cha siku ya kwanza. Ya pili ni kuandikwa kwa ajali. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aipeleke taarifa kwa idara ya serikali ya usalama na afya kazini ndani ya siku 7 tangu ajue. Msimamizi wako alijua Jumanne ile. Andika barua ya nusu ukurasa, siku, saa, wodi, mfuko wa rangi gani, nani alikuwepo, nani uliyemwambia. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Wakikataa kugonga, ofisi ya leba ya kaunti itakupokea. Sheria ya mwaka 2006 inakataza mtu kufutwa kazi kwa sababu ya VVU, iwe anavyo kweli au anashukiwa tu, na sukari vile vile haiwezi kuwa sababu ya kumfukuza mtu anayefanya kazi yake. Sikuahidi kwamba watafurahi. Ninakuambia tu kwamba wewe si wa kwanza kuandika barua hiyo, na mfagizi anayekufuata kwenye wodi hiyo anaihitaji.

Umebakiza chini ya wiki tatu. Kidonge cha PEP ukimeze saa mbili usiku, baada ya kula, karibu na kulala, kichefuchefu kikukute usingizini. Nipigie siku ya 28.

SWALI FUPI

Sista, mamangu ana sukari na tunamdunga insulini nyumbani, Free Area, Nakuru. Sindano tunazifunga kwa gazeti na kutupa na taka nyingine. Jirani anasema ni vibaya. Tufanye nini?

Kijana wa Nakuru

JIBU

Jirani yako amesema kweli. Kijana anayepita na mkokoteni kuchukua takataka zenu anashika gazeti lile kwa mkono mtupu. Tafuta chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kukaza, kama ile ya jiki au ya sabuni ya maji, iandike SINDANO kwa kalamu nene, uiweke juu ya kabati wasikofika watoto. Sindano ikitoka kwa mama iingie humo moja kwa moja, bila kurudishiwa kifuniko chake, kwa sababu wengi huchomwa wakati wa kukirudisha. Vile vijembe vya kutobolea kidole viingie humo pia, na visitumiwe na mtu mwingine hata ndugu. Chupa ikijaa robo tatu ifunge, uizungushie utepe, uibebe siku ya kliniki mama anapoenda kuchukua insulini, umwombe muuguzi aitie pamoja na sindano zao zinazoenda kuteketezwa. Chooni usitupe, maana siku shimo litakapojaa kuna mtu ataingia kulitoa.